Kutoka rasilimali watu hadi fedha za halmashauri: nilivyopata eneo langu la uzamivu

Utawala wa umma ni uwanja mpana, na ukifika ngazi ya PhD upana huo unageuka mzigo. Kwenye shahada ya kwanza unaonja kila kitu: sera, rasilimali watu, fedha za serikali, sheria za utawala, serikali za mitaa, maadili ya utumishi. Kwenye uzamili unapunguza. Kwenye uzamivu unatakiwa usimame mahali pamoja kwa miaka, na baada ya hapo watu watakujua kwa mahali hapo. Mimi ni afisa utumishi katika halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania, uzamili wangu ni wa usimamizi wa rasilimali watu, na leo nafanya uzamivu kwenye fedha za serikali za mitaa. Wenzangu kazini bado wananiuliza ilikuwaje nikahama. Naandika kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyeshika fomu ya maombi na hajui aandike nini kwenye nafasi ya mada.

Njia iliyokuwa wazi mbele yangu ilikuwa upimaji wa utendaji kazi. Nimejaza fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa mtumishi wa umma, kwa miaka, nimewaelekeza wengine kuzijaza, na ulipokuja mfumo wa PEPMIS unaofanya upimaji huo kwa kompyuta nilikuwa miongoni mwa waliohangaika na nywila za idara nzima. Kila niliyemshirikisha aliniambia nibaki hukohuko. "Dada, wewe ni mtu wa utumishi, utamaliza haraka." Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayesoma huku ana kazi na watoto hawezi kulipuuza neno "haraka".

Kilichonizuia ni maktaba. Nilikaa na tasnifu za walionitangulia katika eneo hilo, na sikuanza na sura ya kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu za utafiti, pale mwandishi anapoeleza vikwazo alivyokutana navyo. Namshauri kila mtu asome tasnifu hivyo kabla ya kuchagua, kwa sababu pale ndipo waandishi husema jinsi kazi ilivyokuwa kweli. Mambo mawili yalijirudia: mafaili ya watumishi ni siri, na wahojiwa hujibu kwa tahadhari. Nikajiuliza, mtumishi atanieleza ukweli gani kuhusu tathmini yake, mimi ambaye kesho naweza kushika faili lake la kupandishwa daraja? Hata nikienda halmashauri nyingine, cheo changu kinatangulia kabla sijafungua mdomo. Mtu asiyetoka utumishi anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana. Mimi ningerudi na majibu ya heshima tu.

Serikali mtandao nayo ilinivutia kidogo, maana ndiyo inayosemwa sana siku hizi. Lakini mifumo ya mapato imebadilika mikononi mwetu, LGRCIS ikaondoka ikaja TAUSI, na sikutaka kutetea tasnifu kuhusu mfumo ambao haupo tena. Isitoshe, swali lililokuwa halinipi usingizi halikuwa la kompyuta.

Lilikuwa la baraza la madiwani. Kama mkuu wa idara nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi, na kuna kimoja ambacho bado nakikumbuka neno kwa neno. Diwani wa kata ya mbali alisimama na kabrasha mkononi, akafungua ukurasa wa mapato ya ndani, akasoma mstari wa ushuru wa mazao: makadirio, kisha makusanyo halisi. Pengo lilikuwa kubwa. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwangu boma la zahanati limeishia kwenye renta. Wananchi walichanga, wakasomba mawe, wakabeba maji kichwani. Halmashauri ilisema itaezeka. Hili pengo nikawaambie ni la nani?" Mkurugenzi akaeleza kwa upole kwamba viwango vya ushuru vimeshushwa kisheria. Diwani akajibu, "Sheria hiyo hatukuipitisha humu ndani." Akakaa.

Alikuwa anasema kweli. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya haki kabisa. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye nyumba ya wakulima na najua mageti ya ushuru yalivyokuwa yakiwanyonya watu. Lakini kwa halmashauri ya vijijini, ushuru wa mazao mara nyingi ndio uti wa mgongo wa mapato ya ndani. Mijini hadithi ni ya kodi ya majengo: mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa TRA, mwaka 2021 ukaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Uamuzi unafanyika Dodoma, na swali linaulizwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Diwani amechaguliwa na wananchi, mkurugenzi ameteuliwa na Rais, na ruzuku ya maendeleo inatoka Hazina. Nani anamjibu nani? Swali hilo nilikuwa nalo muda mrefu kabla ya kufikiria PhD.

Niliposoma zaidi nikakuta swali lenyewe ni la zamani kuliko mimi. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulizifuta serikali za mitaa, kazi zake zikashikwa na watendaji wa serikali kuu. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi upya 1984. Mwaka 1998 ikaja sera ya maboresho iliyosema wazi kwamba ugatuaji uwe wa madaraka ya kisiasa, ya kiutawala na ya fedha, na kwamba uhusiano wa serikali kuu na halmashauri ubadilike. Nilimtembelea mweka hazina mmoja mstaafu aliyeanza kazi wakati halmashauri zinarudishwa. Aliniambia, "Mwanangu, tulipewa jengo na kabati tupu. Ushuru tuliuanza kwa kuuliza wazee ulikuwa unakusanywaje." Nilitoka kwake nikiwa na uhakika kwamba hapa pana kazi ya miaka. Hata Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa. Taaluma yetu hapa nchini imezaliwa kwenye halmashauri, na naamini wengi wetu tumezisahau mapema mno.

Hata hivyo, kupenda swali hakutoshi kuandikishwa. Mhadhiri wa kwanza niliyemwendea alisoma andiko langu fupi kisha akaniuliza, "Hili ni la uchumi au ni la utawala?" Nadhani kila anayetaka kuingia kwenye fedha za umma kupitia mlango wa utawala lazima alijibu hili, na ajibu mapema. Mchumi atauliza kodi imeshuka kwa kiasi gani na mlipakodi amebadili nini. Hilo ni jambo jema, na wapo wanaolifanya kwa ustadi kuliko nitakavyoweza. Mimi nilitaka kujua kinachotokea ndani ya ofisi baada ya hapo: kamati ya fedha inakata mradi upi kwanza, nani ana sauti kwenye kukata, mkurugenzi anaripoti nini TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, na nini kwa madiwani, na maelezo hayo mawili yanafanana kiasi gani. Hayo ni mambo ya madaraka na uwajibikaji. Nilipoyaandika kwa ukurasa mmoja, mhadhiri alisema, "Sasa umekuja kwetu."

Kabla sijalipa hata shilingi ya ada, nilijipima. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa ziko wazi kwa kila mtu. Zinakabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni baada ya hapo. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi na mihtasari yake inatunzwa. Nilichukua halmashauri moja, nikapanga makadirio na makusanyo ya kila chanzo kwa miaka kadhaa kwenye jedwali, halafu pembeni nikaandika kilichosemwa kwenye mihtasari ya mwaka huohuo. Nilitaka kuona kama nyaraka zinapatikana, na kama nitachoka. Nyaraka zilipatikana, ingawa mihtasari ya miaka ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye stoo ya masjala na ilibidi nimbembeleze kijana wa masjala apande ngazi kuitoa. Na sikuchoka. Usiku nilikuwa nasoma mihtasari ya kamati ya fedha kama wengine wanavyofuatilia tamthilia, nikisubiri kuona diwani fulani atasema nini mwaka unaofuata. Jedwali hilo lilinisaidia kuamua kuliko ushauri wa mtu yeyote, na niliambatisha sehemu yake kwenye pendekezo la utafiti.

Kupunguza ndiko kuliniuma. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na mwanzoni nilizitaka nyingi. Nilitaka pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile ya nne, nne na mbili, ambayo serikali iliisimamisha kwa muda mwaka 2023. Msimamizi aliitoa yote. Alisema ni tasnifu nyingine kamili, na nikimaliza hii naweza kuiandikia makala. Tukabaki na halmashauri chache, za mijini na za vijijini, zilizopoteza vyanzo tofauti. Halmashauri yangu haimo. Wapo walioshangaa, wakisema ndiko ningepata kila kitu bila barua. Lakini kule mimi ni sehemu ya maelezo yanayochunguzwa. Bajeti ya mishahara naiandaa mimi. Nilichagua kufuata utaratibu kama mgeni: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mkurugenzi. Inachukua muda, ila ukishaingia unaingia kwa haki.

Kuhusu wasimamizi, nina maoni makali kidogo. Eneo la ubobezi lisilo na mtu wa kulisimamia chuoni kwako si eneo lako, hata ulipende vipi. Nilisoma kwanza walichoandika wahadhiri miaka ya karibuni, nikawauliza wanafunzi wao wanarudishiwa sura baada ya muda gani, ndipo nikaomba miadi. Jina kubwa lenye wanafunzi wengi mno sikulifuata. Nimepata wawili: mmoja wa utawala, aliyefanya kazi ya ugatuaji kwa miaka, na mwingine wa fedha za umma anayenilazimisha nieleze kila tarakimu imetoka wapi. Hawakubaliani kila mara. Tumepanga kwamba sura za nadharia na uwajibikaji zinaanzia kwa wa kwanza, sura za mapato zinaanzia kwa wa pili, na wanapotofautiana tunakutana watatu na kuandika muhtasari wa tulichoafikiana, tunausaini.

Siku ya kutetea pendekezo, mjumbe mmoja wa jopo aliuliza kwa nini mtu wa utumishi anajiingiza kwenye hesabu. Nilimwambia kwamba chanzo cha mapato kinapoondoka, cha kwanza kuguswa kwenye halmashauri ni vibarua na watumishi wa mkataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, na barua zao za kusitishiwa mkataba hupita mezani kwangu. Jopo likanitaka niongeze kundi hilo kwenye orodha ya wahojiwa. Nimeliongeza, na mahojiano ya halmashauri ya kwanza nimeyaanza na walinzi na wakusanya ushuru wa mashine za POS.