Neuroni 23 zilizonipotea Kirumba

Andiko langu la kwanza la utafiti wa mwaka wa mwisho lilikuwa na tamaa mbaya: nitachora mtandao wa neuroni, yaani seli za neva, za ubongo wa binadamu. Msimamizi alisoma ukurasa mmoja akavua miwani. "Kijana, ubongo wa mtu una neuroni kama bilioni 86. Mashine ya kupigia picha utaipata wapi, na nani atakulipia? Kachukue mnyoo."

Mnyoo mwenyewe ni C. elegans, wa udongoni, urefu milimita moja tu. Ana neuroni 302. Ramani ya jinsi zinavyoungana ilitolewa mwaka 1986 na John White na wenzake kule Cambridge, waliomkata vipande vyembamba mno na kufuatilia kila uzi kwa macho kwenye picha za hadubini ya elektroni. Data iliyoboreshwa mwaka 2011 inapakuliwa bure. Bure kwao; bando nilinunua mimi, la usiku, nimejifungia gheto Kirumba, Mwanza, na madirisha yamebanwa maana vile vijidudu vya ziwani vikiona taa tu vimejaa kwenye kibodi.

Nikahesabu neuroni kwenye faili: 279. Nikarudia: 279. Ziko wapi 23? Nikapakua upya mara tatu mpaka bando likakata. Nikailaumu programu yangu ya Python, nikaifuta yote na kuanza kuiandika tena, umeme nao ukazimika kabla sijahifadhi. Siku mbili zilienda hivyo. Jibu lilikuwa kwenye maelezo yaliyokuja na data yenyewe, ambayo niliyaruka kwa haraka zangu: 20 ni za koromeo, zina mtandao wao wa pembeni, kwa hiyo ziliachwa nje; 3 hazikuonekana kuwa na sinapsi, yaani sehemu ya kupitishia ishara, na nyingine. Nilicheka peke yangu gizani.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu halikujionyesha. Sinapsi za kikemikali zina mwelekeo: huyu anasema, yule anasikia. Viungo vya umeme, kwa kawaida, hupitisha pande zote mbili. Kwenye data ile za kwanza ni 6,393, vya pili 890. Mimi nilizimwaga kapu moja na kuzifanya zote za kwenda na kurudi. Mchoro ulitoka mzuri kweli kweli, nikaupeleka kwa msimamizi kifua mbele. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii inasukuma misuli, sivyo? Mbona hapa inaipa amri inayohisi mguso?"

Sikuwa na la kusema. Nilirudi nikatenganisha majedwali mawili. Ili nisichanganye tena, la viungo vya umeme nililiita kamanga, kwa sababu kivuko cha Kamanga kinaenda na kurudi. La sinapsi nikaliita mwaloni: dagaa akishapakiwa kwenye lori pale soko la samaki la Mwaloni, ziwani harudi. Majina hayo yamebaki kwenye programu hadi leo, na msimamizi hajayagusa.

Kisha nikajipima kwa kitu kinachojulikana. Mnyoo huyu akiguswa sehemu ya mbele hurudi nyuma, na njia ya ishara hiyo ilielezwa na Martin Chalfie na wenzake mwaka 1985, walioua neuroni mojamoja kwa leza waone kinachoharibika. Nikaanzia neuroni iitwayo AVM, inayohisi mguso. Kamanga ikanipeleka neuroni nyingine, AVD. Kutoka hapo mwaloni ikanifikisha AVA, halafu kwenye neuroni zinazorudisha mwili nyuma. Nikabadilisha vigezo, nikapita tena: njia ileile.

Mama mwenye nyumba alikuja kudai kodi akanikuta nimeinamia mchoro. Nikamweleza kila kitu, kuanzia kidole hadi misuli. Akasikiliza vizuri.

"Kwa hiyo mwanangu, miezi yote hii ni kujua kwamba mnyoo ukimgusa kichwa anarudi nyuma?"

"Hapana mama. Ni kujua anapitia wapi."

"Haya," akasema. "Na kodi inapitia wapi?"