Roquefort, kijiji kilichokaa juu ya mapango

Wiki iliyopita nilifika Roquefort-sur-Soulzon, jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Kijiji chenyewe ni kidogo, wakazi mia kadhaa tu, nyumba zimebanana chini ya jabali la Combalou. Lakini chini ya nyumba hizo kuna mapango ya kuivishia jibini iitwayo Roquefort, ghorofa chini ya ghorofa.

Tuliposhuka nilijitanda kanga mabegani. Humo baridi haiondoki, iwe kiangazi au kipupwe. Mwenyeji wetu akaniambia niweke mkono kwenye ufa wa mwamba. Upepo wenye unyevu ukanipuliza vidole, kama vile mlima unapumua. Nyufa hizo wanaziita fleurines, na hewa yake ndiyo inayolea ukungu wa buluu ndani ya jibini. Maziwa ni ya kondoo wa aina ya Lacaune, mabichi, hayachemshwi. Tangu 1925 sheria inalinda jina: jibini isiyoivia hapa haiitwi Roquefort.

Nilipoonja, nilimkumbuka bibi yangu kule Singida na kibuyu chake cha mtindi. Alikataa katakata kisihamishwe kutoka kona yake ya jikoni. "Kimepazoea," alikuwa akisema.