Elisabeti Alikuwa Bado Hajajifungua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tumemzika mwenzetu. Wengi wenu mlimfahamu kwa sauti yake kwenye kwaya. Mimi nilimfahamu kwenye benchi la kusubiria kemo, zile dawa za saratani za dripu, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Alikuwa amenitangulia. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba ile dripu nyekundu itabadilisha rangi ya mkojo, nisije nikadhani ni damu nikapiga mayowe usiku. Aliniambia ninyoe mapema, kabla nywele hazijaanza kubaki kwenye mto, kwa sababu ukinyoa umeamua mwenyewe, lakini zikidondoka zenyewe unajiona umeporwa. Baadaye saratani yake ilirudi, ikaingia kwenye mifupa, ikafika kwenye ini. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Jina la Bwana na libarikiwe.

Maneno hayo niliyasema kaburini pamoja nanyi, na ninayaamini. Lakini kuna jambo limenilemea tangu siku ile. Tulikuwa bado kwenye matanga nilipopigiwa simu kuhusu dada mmoja wa usharika wa jirani. Majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa kwenye titi yametoka, ni saratani, anaanza matibabu, na anaomba kuongea na mtu aliyepitia. Nikasema nitampigia. Kisha nikabaki nimeshika simu, namlilia Mungu: Bwana, nimfungulie tena moyo mtu ambaye huenda nikamzika? Na mimi ambaye hadi leo nameza tamoksifeni kila siku, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, ambaye kliniki ikikaribia usingizi unanikimbia, nina nini cha kumpa?

Andiko la 2 Wakorintho 1:4 tunalijua sote, kwamba Mungu anatufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki. Nimelisoma mara nyingi wiki hii. Ila lililonikamata ni Luka sura ya kwanza, habari ambayo tumezoea kuiacha isubiri Desemba.

Mariamu amepewa neno zito kuliko umri wake. Anauliza, "Litakuwaje neno hili?" Malaika anamjibu habari za Roho Mtakatifu na nguvu zake Aliye Juu. Mngeniuliza mimi, ningesema jibu hilo linatosha. Lakini Gabrieli anaongeza jambo ambalo Mariamu hakuliuliza kabisa: "Tena, tazama, jamaa yako Elisabeti naye amechukua mimba." Mungu alimpa binti yule ahadi, halafu hapo hapo akamwonyesha mtu wa kumwendea. Naye Mariamu hakuona kwamba kumtafuta mwanadamu ni kupungukiwa imani. Aliondoka kwa haraka, akapanda milima ya Yuda, akakaa kwa Elisabeti kadiri ya miezi mitatu.

Sasa mwangalieni huyo Elisabeti. Ulikuwa mwezi wake wa sita. Alikuwa bado hajajifungua! Mwanamke mzee, mimba ya kwanza, mume ndani ya nyumba hawezi kutamka neno. Miezi mitano ya mwanzo alitawa, Biblia inasema hivyo, alijificha. Hakuna aliyejua uchungu wake utakwendaje wala kama mtoto atazaliwa salama. Ushuhuda wake ulikuwa haujakamilika. Hata hivyo mlango ulipogongwa alifungua, akabariki kwa sauti kuu, akampa binti yule chumba. Roho Mtakatifu hakumwambia asubiri kwanza azae ndipo awe na la kusema.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, dada zangu na mama zangu, kwa sababu makanisani mwetu tumejifunza kinyume. Kipaza sauti tunampa aliyekwisha kupona. Anayesimama mbele ni yule aliyeambiwa vipimo viko safi, na tunampigia vigelegele, na ni haki yake. Lakini yule aliye katikati ya mizunguko ya kemo, kichwa kimefungwa kitambaa, kucha zimekuwa nyeusi, vidonda mdomoni hata uji unamchoma, huyo tunamweka kwenye orodha ya maombi na tunamwona ni mtu wa kupokea tu. Naye anajificha, anasema, "Nikishapona nitawasaidia wengine." Mpendwa, huenda anayekuhitaji anaanza Jumatatu ijayo! Atakungoja vipi mpaka umalize miaka mitano au kumi ya vidonge? Ulichofikia leo kinatosha kumsaidia aliye nyuma yako. Wewe uliyemaliza dripu ya pili unajua jambo ambalo anayeenda kwenye ya kwanza halijui. Wewe uliyetolewa titi unajua siku ile ya kufunguliwa bandeji ilikuwaje, na ni nani ungetaka awe amesimama pembeni yako. Hilo ulilolijua kwa machozi, Mungu amelikabidhi mikononi mwako kwa ajili ya mtu mwingine. Usiliweke kabatini.

Mwaka 1952 kule Marekani mama mmoja aliyeitwa Terese Lasser alitolewa titi. Alipopata nguvu alianza kuzunguka hospitalini kuwatembelea wanawake waliotoka kwenye upasuaji kama wake. Alibeba titi la bandia la kuanzia, kamba na mpira wa kufanyia mazoezi ya mkono, na mwili wake mwenyewe uliosimama wima mbele ya mgonjwa. Baadhi ya madaktari hawakupendezwa naye. Huduma hiyo ikaitwa Reach to Recovery, Shirika la Saratani la Marekani likaichukua mwaka 1969, na baadaye ikasambaa katika nchi nyingi. Ilianza na mwanamke mmoja aliyekataa kunyamaza kuhusu kidonda chake.

Na jambo hili linagusa uhai wenyewe. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya titi, na takribani 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Hapa Tanzania, kwa wanawake, inafuata baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani liliweka malengo mwaka 2021: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Hilo la mwisho ndilo linalonikosesha raha. Wamalize! Maana nimewaona wanaoanza na hawarudi. Dripu ya kwanza inamtapisha siku tatu, anarudi kijijini, jirani anamwambia dawa hizo ndizo zinazoua, na siku ya 21, zamu ya dripu ya pili, haji. Uvimbe unaendelea kukua huku yeye anakunywa mizizi. Daktari amemweleza, nesi amemweleza, lakini yuko nyumbani Manyoni au Nzega na hakuna wa kumwambia, "Hata mimi nilitapika hivyo hivyo, mwambie daktari akupe dawa ya kichefuchefu kabla ya dripu, siku ya nne utaweza kula." Simu ya namna hiyo inaweza kumrudisha mtu hospitalini.

Kwa hiyo ukienda kwake, nenda na yale unayoyajua. Mwambie akipata homa wakati wa kemo, ikafika nyuzi 38, asimeze panadol akalala. Ni dharura, aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, kwa sababu kinga ya mwili iko chini. Mwonyeshe zoezi la kutembeza vidole ukutani, kupanda kidogo kidogo kila siku, ili bega lisigande baada ya upasuaji. Mwambie kama walimtoa tezi za kwapani mkono ule unaweza kuvimba, hata baada ya miaka, kwa hiyo mwanzoni ndoo nzito ya maji abebewe na mwingine, na akiuona unajaa arudi kliniki mapema. Mwambie pia lile ambalo huwa hatusemi: kwamba matibabu yakiisha, watu wakiacha kupiga simu, huzuni inaweza kuja wakati ule ambao kila mtu anatarajia afurahi. Ikija asidhani Mungu amemwacha. Lakini usimpangie dawa wala usimtafsirie majibu. Saratani za titi hazifanani. Nyingine hulishwa na homoni na nyingine hapana, na dawa iliyokufaa wewe inaweza isiwe yake. Hayo mwachie daktari wake.

Nilikusudia kuandika kwa upole mpaka mwisho, lakini lipo neno la kukemea na siwezi kulimeza.

Kuna watumishi wanaowaambia wagonjwa wetu waache dawa ili kuonyesha imani. Ndugu zangu, ogopeni! Hezekia alipougua karibu na kufa, Mungu alisikia maombi yake, akaona machozi yake, akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya, nabii yule yule aliyeleta ahadi, akasema wachukue mkate wa tini, wauweke juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka katika kinywa kimoja. Wewe ni nani uvitenganishe? Mama ameuza mbuzi, ameazima nauli, amepata rufaa, na wewe unasimama madhabahuni kumwambia atupe vidonge. Akifa hutakuwepo kwenye chumba cha watoto wake. Tumwombee sana, tumpake mafuta kama Yakobo alivyoagiza, halafu tumpeleke kliniki tarehe yake ikifika, na kama nauli hana, sadaka ipo.

Na sisi waumini wa kawaida nasi tunakosea, tukienda kumwona mgonjwa tunasema: "Ulimkosea nani?" Wanafunzi waliuliza vivyo hivyo kuhusu kipofu, ni yupi aliyetenda dhambi, na Bwana akakataa swali lao. "Shangazi yangu alikuwa nao huo huo, hakumaliza mwaka." Dada, hayo unamletea mgonjwa kitandani kwa faida gani? Tunakwenda watu kumi kwa mkupuo, mmoja ana mafua, tunamjazia sebule mtu ambaye kinga yake imeshuka, tunangoja chai aipike yeye. Rafiki zake Ayubu walianza vizuri kuliko sisi: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hawakusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza sababu. Ukienda, fua nguo. Chukua watoto wake jioni moja. Osha vyombo, uage mapema.

Waume zetu nanyi nawasihi. Mkeo ametolewa titi na anavua nguo gizani usimwone. Usimwachie mama mwingine kazi ya kumwambia kuwa bado ni mkeo. Na ukigusa uvimbe kwenye kifua chako mwenyewe nenda ukapimwe, maana wanaume pia huipata saratani hii, ingawa ni wachache.

Nirudi kwenye swali langu, maana sijalimaliza. Nilimpigia dada yule. Tuliongea muda mrefu, kwa sehemu kubwa yeye alilia na mimi nikasikiliza, kisha akaniuliza kuhusu nywele. Sina hakika kwamba moyo wangu hautavunjika tena. Kule Bethania Bwana wetu alijua anakwenda kumwita Lazaro atoke, na bado alilia pamoja na Mariamu dada yake Lazaro na waliokuwa wakiomboleza. Ikiwa yeye aliyejua kwamba Lazaro atafufuka hakujizuia asiumie, mimi nitajikinga kwa hoja gani? Kuhani wetu mkuu anaweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu kwa sababu alipita humu humu mwilini. Hiyo ndiyo njia yake ya kufariji na sioni kwamba ametupa nyingine. Mwenzetu tuliyemzika alikuwa akiwapigia wagonjwa wapya simu mpaka wiki ambazo sauti yake ilikuwa haitoki vizuri. Alijua ugonjwa wake umefika wapi.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja la kufanya. Akina mama mliopitia, na mnaopitia sasa hivi, Jumapili baada ya ibada tubaki pale chini ya mwembe kwa muda mfupi. Huhitaji kushuhudia mbele ya usharika, na kama hutaki watu wajue, nitumie ujumbe peke yangu, siri yako itakaa. Tutapanga nani ampigie nani, nani ana nafasi ya kumlaza mgeni anayekuja mjini kwa wiki za mionzi, na nani anaweza kusindikiza mtu kliniki. Nawe uliyepata majibu wiki hii na hujamwambia mtu yeyote, mwulize nesi wa kliniki yako akukutanishe na mama aliyetangulia. Manesi wengi wanawajua mama hao, na wengi wetu tutakuja.

Tuombe. Baba, umeona majina ambayo hatujayataja hapa. Dada yetu anaanza Jumatatu. Mpe mshipa utakaopatikana bila kuchomwa mara nyingi, damu yake isishuke, chakula kikae tumboni. Wale walioacha katikati, wakumbushe njia ya kurudi, na utupe sisi namba zao. Wauguzi na madaktari wetu wape nguvu. Watoto waliobaki bila mama uwe nao, na utufanye tuwe nao. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.