Macho makavu baada ya kukoma hedhi: homoni si dawa yake

Mwanamke aliyekoma hedhi akilalamika kwamba macho yanamchoma kama yameingia mchanga, hakosi wa kumwambia: homoni zimepungua, zirudishe na machozi yatarudi. Maneno hayo yanaingia akilini. Macho hayaendi hivyo.

Mwaka 2001 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 25,665 waliokwisha kukoma hedhi. Waliotumia estrojeni (homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma) peke yake walikuwa na uwezekano wa macho makavu uliozidi kwa asilimia 69 ule wa wasiotumia homoni. Waliochanganya na projesteroni, homoni nyingine ya kike, asilimia 29. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba homoni ndizo zilizokausha macho, lakini unatosha kumzuia mtu asimeze estrojeni kwa ajili ya macho tu. Wala mtu asijibadilishie dawa kwa kusoma takwimu hizo. Estrojeni peke yake kwa kawaida hupewa aliyetolewa kizazi. Mwenye kizazi huhitaji na projesteroni, la sivyo hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi hupanda. Anayetumia homoni kwa joto la ghafla na jasho la usiku amweleze daktari hali ya macho kabla ya kuziacha.

Mara nyingi kinachopungua ni mafuta, si maji. Ndani ya kope mna tezi ndogo zinazotoa mafuta ya kufunika machozi yasikauke upesi. Tezi hizo hutegemea sana androjeni, yaani homoni za kiume, ambazo wanawake pia wanazo na hupungua kwa umri. Mafuta yakiganda kama samli, machozi hukauka, jicho huwashwa, kisha linamwaga maji. Ndiyo, macho makavu hutiririka machozi.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika (yajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono), kamua, weka juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa upesi, kwa hiyo kichovye tena na tena. Wengi hukosea hapa, wanakaa na kitambaa baridi. Kisha kanda kwa kidole: kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Fanya hivyo mara 2 kwa siku kwa wiki kadhaa. Wanja usipakwe upande wa ndani wa ukingo wa kope, maana huziba matundu ya tezi.

Machozi ya dukani, yaani matone ya kulowesha macho kama ya hipromelosi, huanza na tone 1 mara 4 kwa siku. Ukihitaji mara nyingi zaidi, tafuta yasiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia dawa isiharibike), kwa sababu kihifadhi nacho huchubua jicho. Matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi, usijinunulie: huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya. Mwambie daktari pia kama unameza Piriton (dawa ya mzio) au amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu), kwani hukausha macho.

Jicho likiuma sana au uoni ukififia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mdomo nao ukikauka na viungo vikiuma, omba upimwe damu, maana huenda chanzo ni ugonjwa wa kinga ya mwili.