Nje ya Kamba

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukifunga viatu vya skii, vya kutelezea kwenye theluji, binti yangu aliniuliza kwa nini kila mwaka nang'ang'ania tupite kwenye njia yenye alama, ilhali theluji nzuri, isiyokanyagwa na mtu, imelala upande wa pili wa kamba inayoweka mpaka wa njia. Nilimjibu kwa kifupi kwamba msitu una wenyewe, naye akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki na yule kulungu.

Nilikuwa na umri wa miaka 22 na kamera mpya. Mimi na mwenzangu tuliivuka kamba bila kujadiliana, tukashuka kati ya misonobari, tukamkuta jike mmoja amesimama chini ya mti, hatikisi hata sikio. Nilidhani ametuzoea. Sikujua kwamba kulungu, wakati wa baridi kali, hupunguza mwendo na hata mapigo ya moyo, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea tangu majira ya vuli, na kwamba utulivu ule ndio uliokuwa ukiilinda akiba yake. Nikasogea hatua tatu ili nipate picha bora.

Aliruka. Theluji ikammeza hadi kifuani; akajinyanyua kwa miguu ya nyuma, akazama tena, akajinyanyua, na kila alipotua nilisikia pumzi ikimtoka kama ya mtu anayepasua kuni. Utando wa barafu uliofunika theluji ulikuwa ukimchana miguu, kwani nyuma yake palibaki matone madogo mekundu. Uwazi aliopaswa kuuvuka haukuzidi mita 50, lakini katikati yake alisimama, akanigeuzia kichwa, mbavu zikipanda na kushuka. Sikuinua kamera. Mwenzangu alininong'oneza turudi, nasi tukarudi tukikanyaga alama zetu wenyewe.

Mtunza msitu tuliyemkuta bondeni hakutukaripia. Aliuliza tu mnyama alielekea wapi, kisha akasema kwamba majani mapya yangechelewa wiki 9 nyingine. Mara nyingi nimejiambia kwamba kulungu mwenye afya huweza kustahimili mshtuko mmoja, na huenda ni kweli. Ila tulipoivuka kamba ile, upande wa pili tayari palikuwa na mistari ya skii za watu wengine, na wao pia, bila shaka, walipita mara moja tu.

Binti yangu amepewa kamera siku yake ya kuzaliwa. Bado sijamsimulia habari hii.