Siku moja maishani mwangu: Jumatatu ya mapokezi ya dharura

Saa 11 alfajiri. Chai kavu, kisha daladala ya kutoka Mbagala. Ukichelewa kidogo tu Kilwa Road inakushika, hivyo nasafiri nimesimama bila manung'uniko.

Saa 1 asubuhi. Tunakabidhiana zamu. Mtoto wa pumu amepata nafuu, kijana wa bodaboda anasubiri eksirei. Kitanda cha mwisho kuna mama wa miaka sitini na ushee: "Homa kali, tunamtibu malaria." Naangalia kipimo, hakuna malaria. Sasa tunatibu nini?

Saa 2. "Shikamoo mama." Kimya. Narudia, ananitazama tu. Mtu mzima wa Pwani kutoitikia shikamoo si jambo dogo. Nikishaondoa uziwi, naanza kuwaza akili yake. Binti yake ananyanyuka: "Dokta, toka jana usiku ananiita kwa jina la shangazi marehemu."

Kumbe yalianza Alhamisi. Homa ya kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, kisha jasho. Duka la dawa wakampa mseto, dawa ya malaria. Yakafuata maumivu chini ya mbavu za kulia na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Na kabla ya hapo, kwa miezi, kila akila vya kukaanga tumbo lilimsokota, akaitwa mtu wa vidonda vya tumbo.

Taa zetu zina umanjano, zinaficha manjano ya mgonjwa. Tunasogeza kitanda dirishani. Weupe wa macho ya wengi wetu huwa na weusiweusi pembeni, kwa hiyo nashusha kope ya chini na kumwomba binti amsaidie kuinua ulimi. Njano, juu na chini. Nikibonyeza upande wa kulia, anaushika mkono wangu kwa nguvu.

Homa, manjano na maumivu upande wa kulia juu ya tumbo: Charcot, daktari wa Ufaransa, aliyaweka pamoja mwaka 1877 kama dalili za maambukizi ya mirija ya nyongo. Mwaka 1959 madaktari wengine, Reynolds na Dargan, wakaongeza kushuka kwa presha na kuchanganyikiwa. Mama huyu ana joto 39.4, mapigo 122, presha 86 kwa 50. Yote matano, ambayo kwa kweli huonekana kwa wachache. Wazee wengine huja na kuchanganyikiwa peke yake, na hapo ndipo wanapotuponyoka.

Saa 3. Dripu mbili zinakimbia, oksijeni, damu ya kuotesha vijidudu inachukuliwa kabla ya dawa. Kisha seftriaksoni na metronidazo, dawa za kuua bakteria. Sista ananiuliza kama tungoje majibu ya maabara. Hapana, presha hii haingoji.

Saa 5. Ultrasaundi: mfuko wa nyongo una mawe, mrija mkuu umetanuka hadi milimita 13, na jiwe limekaa karibu na mwisho wake. Bilirubini, rangi ya njano ya nyongo, imepanda kwenye damu, nyingi ni ile ambayo ini limeshaichakata, alama ya kuziba. Nyongo ikikwama, bakteria wa utumbo kama E. coli hupanda na kuzaana humo, shinikizo likizidi wanasukumwa hadi kwenye damu. Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi. Lazima mrija ufunguliwe.

Naandika rufaa Muhimbili kwa ajili ya endoskopia, kifaa chenye kamera kinachopitishwa mdomoni hadi kwenye mrija. Nampa vitamini K pia, kwani nyongo isipofika utumboni vitamini hiyo hainyonywi vizuri na mgonjwa anaweza kuvuja damu wakati wa kutoa jiwe.

Saa 8. Gari la wagonjwa limepatikana baada ya simu nyingi kuliko nilivyotaka. Presha 102 kwa 60. Namwamkia tena. "Marahaba, mwanangu," anajibu, na kuuliza nani amemvua kanga yake.

Mchana uliobaki: wawili wa kisukari, mmoja kameza mwiba wa samaki, majeraha ya kawaida. Kati yao kijana wa selimundu (sickle cell) mwenye macho ya njano siku zote. Huyu nampima tumbo kwa makini, maana seli zake nyekundu za damu zikivunjika hutengeneza mawe ya nyongo mapema. Leo halimuumi.

Saa 1 usiku. Daktari wa Muhimbili anapiga simu: jiwe limetoka, usaha umefuata, wameacha mrija mdogo wa plastiki ndani. Anauliza seftriaksoni ilichomwa saa ngapi. Namwambia, saa 3 na dakika 10.