Kugeuza data ya skrini ya Game Boy: hatua niliyofikia

Skrini ya Game Boy ya kwanza, mashine ya michezo ya mkononi ya Nintendo iliyotoka mwaka 1989, haina taa. Huonekana kwa mwanga wa nje unaorudishwa na karatasi ya rangi ya fedha inayobanduka kwa shida kwa sababu imegandishwa nyuma ya kioo. Karatasi hiyo nilikwisha kuiondoa, na mahali pake pamekaa taa nyembamba ya LED pamoja na polaraiza mpya (karatasi angavu inayochuja mwanga kwa mwelekeo mmoja), lakini weusi wa picha ulibaki kuwa kijivu. Polaraiza ikizungushwa nyuzi 90 weusi hukolea vizuri, ila picha nzima hugeuka, penye giza pakawa peupe. Kwa hiyo data nayo haina budi kugeuzwa kabla haijafika kwenye kioo.

Kila pikseli, yaani nukta ya picha, ya skrini hii ya 160 kwa 144 hupewa biti mbili (tarakimu za 0 au 1), na biti hizo hupita katika njia mbili tu za utepe unaounganisha bodi kuu na bodi ya skrini. Zikigeuzwa zote mbili, 00 huwa 11 na 01 huwa 10, hivyo vivuli vinne vinapinduka kwa mpangilio uleule na hakuna kinachopotea. Ikigeuzwa moja pekee, vivuli hubadilishana nafasi ovyo na nyuso za wahusika huharibika. Hiyo ni dalili nzuri ya kugundua waya ulioachia.

Nimetumia chipu ya 74HC04, yenye vigeuzi sita, yaani sehemu zinazofanya 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Data ya kwanza huingia mguu wa 1 na kutoka wa 2, ya pili huingia wa 3 na kutoka wa 4; volti 5 ziko mguu wa 14 na hasi mguu wa 7. Miguu ya 5, 9, 11 na 13 nimeiunga kwenye hasi, kwa kuwa ingizo la chipu ya aina hii likiachwa wazi huyumba na kula umeme wa betri bure. Chipu nimeibandika chali, miguu juu kama mende aliyepinduka, na hapo ni lazima kukumbuka kwamba hesabu ya miguu inakwenda kinyume.

Miguu miwili ya soketi ya utepe, ile ya njia za data, niliiinua kwa ncha ya sindano huku risasi ya kuchomelea ikiyeyuka, kisha nikahakikisha kwa mita kwamba haigusi tena bodi. Kabla ya kuzungusha polaraiza niliwasha mashine: maandishi meupe juu ya giza, kama ilivyotakiwa. Baada ya kuizungusha, weusi umekuwa weusi kweli, na nimefurahi mno.

Umebaki mstari mmoja wa wima usio na picha. Ulikuwapo kabla ya chipu, na chanzo chake ni utepe mwingine ulioachia kwenye ukingo wa chini wa kioo. Nitaupasha moto kidogo kidogo kwa pasi ya kuchomelea, kisha nifunge skrubu.